Kusoma Kitambaa: Niliyojifunza kwa Kufuma na Kufundisha Kufuma Njombe

Watu wanaokuja kwangu kujifunza kufuma sweta kwa sindano mbili huanza kwa kuniomba radhi kwa ajili ya vidole vyao. Mmoja atasema vidole vyake vimekakamaa kwa sababu ya jembe, mwingine atasema amechelewa kwa kuwa tayari ana wajukuu, na wa tatu atanyoosha mikono yote miwili mbele yangu niikague kabla sijamkubali. Nimefuma tangu nikiwa msichana, na nimefundisha hapa Njombe, kwenye nyanda za juu kusini mwa Tanzania, kwa zaidi ya miaka kumi, kwa hiyo naweza kuwatoa wote wasiwasi: sijapata kumwona mwanafunzi aliyeshindwa kwa sababu ya vidole. Vidole vikiachwa na uzi kwa siku chache hujifunza vyenyewe. Kinachomshinda mwanafunzi na kumchosha mwalimu ni jicho, yaani kukitazama kitambaa kinachoning'inia kwenye sindano na kutambua ni nini kimefanyika katika mstari uliopita, na kwa sababu hiyo ni nini kinapaswa kufuata.

Ufundi huu si wa asili ya nyanda hizi. Wazee wetu walikuwa mafundi wa kusuka vikapu kwa milulu na kwa mianzi, na mpaka leo vikapu hivyo vinatafutwa na wageni. Vipande vya kufuma vya kale kabisa vinavyofahamika vilipatikana Misri, na kwetu sindano mbili zilifika na wamisheni. Shangazi yangu alifundishwa na masista, nami nikafundishwa na shangazi, kwenye jiko la kuni, moshi ukitutoa machozi. Hata hivyo, kuanzia Juni hadi Agosti umande wa Njombe huganda juu ya majani na viazi vya mabondeni huungua kwa jalidi, na mtoto anayekwenda shule alfajiri bila sweta huonekana tangu mbali kwa namna anavyokunja mabega. Katika mji wa namna hii hakuna mtu anayeuliza kufuma kuna faida gani.

Raha yake ni jambo jingine, nayo ni ngumu kumweleza asiyefuma. Fundi cherehani huanza kwa kukata, na mkasi ukishapita umepita. Mfumaji hakati kitu. Anaanza na uzi mmoja mrefu, na uzi huohuo, bila kuongezewa chochote isipokuwa mafundo ya kuunganishia donge jipya, unageuka kuwa mgongo wenye mabega, mkono unaopanuka kuelekea kwapani, na shingo inayopitisha kichwa kisha ikarudi mahali pake. Kazi ikiharibika, unaivuta, na uzi unarudi mikononi mwako mzima kama ulivyokuwa. Sijui kazi nyingine ya mikono inayomwachia mtu nafasi kubwa kiasi hicho ya kujaribu. Zaidi ya hayo, mikono ikiwa na shughuli, mdomo hupata uhuru. Nimewasikia wanawake wakieleza, huku macho yao yakiwa kwenye sindano, mambo ya ndoa na ya misiba ambayo nina hakika wasingeyasema kama wangekuwa wameketi wakitazamana.

Tuje kwenye vifaa, kwa maana hapo ndipo usumbufu wa kwanza ulipo. Sindano za dukani zipo, lakini hazipatikani kila wakati, na zikipatikana zina namba za aina mbili zinazogombana. Zile za zamani zina namba za Kiingereza ambazo kadiri zinavyokuwa kubwa ndivyo sindano inavyokuwa nyembamba: namba 8 ina unene wa milimita 4, na namba 10 ina milimita 3.25. Zile mpya zimeandikwa milimita moja kwa moja. Mwanafunzi aliyeambiwa anunue namba 8 akirudi na sindano ya milimita 8 amenunua kitu kinene mara mbili ya kile kilichohitajika, na sweta atakayoifuma itapitisha upepo kama chandarua. Watu wengi huku wanajitengenezea sindano kwa spoki za baiskeli, wakizinoa ncha kwenye jiwe. Spoki ni imara lakini ni nyembamba sana, karibu milimita 2, na tena huteleza. Anayeanza hufuma mistari mingi bila kuona kazi ikirefuka, kisha nusu ya vitanzi, yaani mizunguko ya uzi inayoshikwa na sindano, hutoroka wakati anapoinuka kuitikia hodi. Mimi huwaanzisha kwa sindano za mianzi. Mianzi ya ulanzi iko kila kona, na fito iliyokauka vizuri ikichongwa na kusuguliwa kwa msasa, halafu ikafutwa na mafuta kidogo, hushika uzi bila kuung'ang'ania.

Kufuma kwa sindano mbili, ukiondoa mapambo yote, kuna kitanzi kimoja tu chenye sura mbili. Ukikitazama kwa mbele ni laini, na miguu yake miwili hukutana chini kwa umbo la herufi V. Ukikitazama kwa nyuma ni nundu ndogo iliyolala. Katika kikundi chetu tunaviita kitanzi laini na kitanzi cha nundu, kwa sababu vitabu vya mifano tunavyovipata ni vya Kiingereza na vimejaa vifupisho ambavyo havimwambii mtu kitambaa kitakuwa na sura gani. Jina linalotokana na sura lina msaada mkubwa: mwanafunzi anapofuma pindo la kiunoni, lile linalovutika na kurudi, ambamo laini na nundu hupokezana viwiliviwili, hana haja ya kukumbuka amefika wapi. Anatazama tu. Palipo na vitanzi viwili laini mbele yake anafuma laini, palipo na nundu anafuma nundu, na akigeuza kazi anakuta kila kitu kimebadilishana sura na anaendelea kwa kanuni ileile. Anayehesabu badala ya kutazama hupotea mara tu mtoto anapomwita.

Karibu kila kasoro ya mwanafunzi mpya inaweza kuonekana kabla haijawa kubwa, endapo atajua pa kutazama. Kitambaa kinachopanuka mstari baada ya mstari, mpaka skafu ikawa na umbo la pembe tatu, mara nyingi kina chanzo kimoja: mwanzoni mwa mstari uzi umevutwa juu ya sindano badala ya kuning'inia chini, kwa hiyo kitanzi cha kwanza kinaonyesha miguu yote miwili na kuonekana kama vitanzi viwili, naye anavifuma vyote. Anayeacha kazi katikati ya mstari na kurudi baadaye hujikuta anafuma kuelekea alikotoka, na upande mmoja wa kitambaa unakuwa mrefu kuliko mwingine. Dawa yake ni kujua kwamba uzi unaotoka kwenye donge lazima uwe unaning'inia kutoka sindano ya mkono wa kulia. Kuhusu kingo zinazojikunja, hiyo si kasoro hata kidogo, ingawa wengi hunijia karibu na kulia. Kitambaa chenye laini tupu upande mmoja na nundu tupu upande wa pili hujikunja kwa maumbile yake, pande za kushoto na kulia zikielekea nyuma, na juu na chini zikielekea mbele. Ndiyo maana sweta huwekewa pindo la kupokezana.

Kitanzi kilichotoroka ndicho kinachowatisha kuliko vyote. Kinashuka mstari baada ya mstari na kuacha nyuzi zilizolala, na mwanafunzi hupiga kelele kana kwamba kaunguza mboga za watu. Mimi huwa sikikamati. Namwacha akitazame kilivyoshuka, ahesabu nyuzi zilizolala, kisha nampa sindano ya kroshia akipandishe mwenyewe, uzi mmoja baada ya mwingine, hadi kirudi kwenye sindano. Aliyefanya hivyo mara moja ameelewa kitambaa kimejengwaje kuliko ambavyo ningemweleza kwa mchana mzima.

Mwanafunzi aliyenifundisha zaidi kuhusu jambo hili alikuwa mlinzi wa usiku katika ghala la mbao. Alikuja asubuhi moja akitoka kazini, akanisalimia kwa heshima zote, akaketi karibu na mlango. "Mama," akasema, "usiku ni mrefu na baridi ni kali. Sina taa, nina tochi ya simu tu, nayo ni ya kumulikia wezi. Nifundishe kitu kisichohitaji kuonekana." Wanawake walicheka, naye akacheka nao, lakini hakuondoka. Nilimfundisha kufuma laini kila mstari bila kubadilisha, kazi ambayo hutoa kitambaa chenye matuta pande zote mbili na kisichojikunja. Kwa kuwa hakuweza kuona, alilazimika kupapasa, na baada ya muda alikuwa akitofautisha kitanzi laini na cha nundu kwa ncha ya kidole gumba, na kugundua kilichotoroka kabla hakijashuka mistari miwili. Wale waliokuwa wakifuma mchana kweupe walikuwa bado wananiuliza, "Mwalimu, hapa nifanye nini?" Tangu wakati huo kila kundi jipya nalifumbisha macho kwa sehemu ya somo. Wazee hulipenda zoezi hilo kuliko vijana.

Kuna tabia moja ya mwalimu ambayo ni lazima idhibitiwe, nayo ni mkono unaonyoosha kazi ya mwingine. Ni rahisi mno kuichukua sindano kutoka kwa mwanafunzi, kurekebisha kwa sekunde kumi, na kumrudishia. Yeye atashukuru, na atakuja tena na kosa lilelile. Kwa sababu hiyo huwa naketi na kazi yangu mapajani, uzi umezungushwa kidoleni, ili mikono yangu isiwe huru. Wanaotumia mkono wa kushoto ni suala linalobishaniwa sana na walimu wa kufuma. Maoni yangu ni kwamba, kwa kuwa mikono yote miwili inafanya kazi, wengi wao hujifunza vizuri kwa njia ya kawaida, na wanaokataa nawaketisha mbele yangu tukitazamana ili wanione kama kwenye kioo. Lakini hao lazima waambiwe mapema kwamba maelezo ya kufuma mabega na shingo yatakuwa kinyume kwao.

Changamoto nyingine ni haraka, na kwa hili siwalaumu. Mama anayelipia muda wake kwa kuacha shamba hataki kufuma kipande cha mazoezi. Anataka sweta ya shule ya mwanawe, ambayo kwa kawaida ni ya buluu nzito au kijani kibichi iliyokolea, yaani rangi mbaya kuliko zote kwa mtu anayejifunza kusoma vitanzi. Kwenye uzi mweusimweusi hata mimi nahitaji kusogea dirishani. Tumepatana hivi: kila mwanafunzi anafuma vipande vya mraba vya sentimita 20 kwa uzi wa rangi nyepesi, na vipande vya kundi zima vinaunganishwa kuwa blanketi la yule atakayejifungua kwanza kati yao au katika jamaa zao. Kila kundi limepata mwenye mimba, na hakuna aliyewahi kulalamika tena kwamba anapoteza uzi.

Uzi wenyewe, hata hivyo, ni ghali, na hapa ndipo soko la mitumba linapotusaidia. Sweta kubwa ya mtu mzima iliyochanika kiwiko huuzwa kwa bei ndogo kuliko madonge mapya yenye uzito huohuo, na ikifumuliwa hutoa uzi wa sweta ya mtoto na kofia juu yake. Lakini si kila sweta inafumuka. Kabla ya kulipa, igeuze ndani nje na utazame mshono wa ubavuni. Ukikuta kingo mbili nzima zilizounganishwa kwa uzi mmoja unaopita kati yake, hiyo ni sweta iliyofumwa vipande kwa umbo lake, nayo itafumuka yote. Ukikuta ukingo uliokatwa na kuzungushiwa ovaloki, ule mshono wa mashine unaozuia nyuzi kuchomoka, iache hapohapo hata kama ni ya sufu safi, kwa sababu kitambaa kilikatwa kwa mkasi kiwandani na kila mstari utatoka kama kipande kifupi cha uzi. Nimewaona watu wakibeba mafungu mazima ya sweta za namna hiyo nyumbani kwa furaha.

Ukishachagua vizuri, fungua mishono kwanza, kisha anza kufumua kutoka mwisho wa kazi, ambao mara nyingi ni shingoni na mabegani. Ukianza kiunoni uzi utakugomea. Uzungushe uzi kwenye mgongo wa kiti, ufunge mahali panne usichanganyikane, uuloweke kwenye maji ya uvuguvugu, kisha uuning'inize ukiwa na kitu kizito kidogo chini yake mpaka ukauke, na mikunjo yake itanyooka. Kama hujui ni uzi wa aina gani, choma kipande kifupi: sufu hunuka nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika, na uzi wa kiwandani wa plastiki huyeyuka na kuacha tone gumu. Kujua hilo ni muhimu kwa yule atakayefua nguo hiyo, maana sufu ikitiwa kwenye maji ya moto na kusuguliwa hujikaza na kusinyaa, na hairudi tena.

Hesabu ndiyo sehemu ya somo ambayo wanafunzi wangu huikwepa, na ambayo mimi siiachii. Tuseme maelezo yanataka vitanzi 22 katika kila sentimita 10, na mgongo uwe na vitanzi 88, yaani sentimita 40. Mwanafunzi anayefuma kwa mkono mlegevu akipata vitanzi 20 badala ya 22, mgongo wake utakuwa sentimita 44, na kifua vivyo hivyo, kwa hiyo sweta nzima imepanuka sentimita 8 na mtoto anaweza kumkaribisha mdogo wake ndani. Tofauti ya vitanzi viwili haionekani kwa macho. Inaonekana kwa kipande cha majaribio na rula, nacho ni kazi ya nusu saa.

Hesabu hiyohiyo inaleta habari isiyopendeza kuhusu fedha, na ninaona ni haki kuwaambia wanafunzi mapema. Sweta ya mtoto ya ukubwa huo, mgongo, kifua na mikono, ina vitanzi takriban 35,000. Mfumaji mzoefu akienda kwa vitanzi 25 kwa dakika bila kusimama atatumia zaidi ya saa 23, kabla ya kuunga vipande. Mashine ya nyumbani ya kufumia, yenye sindano 200 zilizopangwa kwa mstari, humaliza mstari mzima kwa mpigo mmoja wa mkono. Ushindani huu ni wa zamani, kwani William Lee alibuni mashine ya kufuma huko Uingereza mwaka 1589, lakini kwetu umekuwa mkali hasa tangu Januari 2016, serikali ilipoondoa ada hadi kidato cha nne na watoto wakafurika madarasani, wote wakihitaji sweta za rangi moja kwa wakati mmoja. Wenye mashine waliopanga vibanda karibu na soko walilichukua soko hilo, na sioni sababu ya kumdanganya mtu kwamba ataweza kulirudisha kwa sindano za mianzi.

Kwa hiyo sifundishi sweta za shule kama biashara. Anayetaka kumfumia mwanawe afume, na itadumu kuliko ya kununua. Anayetaka kuuza namwelekeza kwenye kofia na soksi za watoto wachanga, ambazo hutumia uzi kidogo na huisha kwa jioni moja au mbili, na ambazo mnunuzi hazilinganishi na bei ya kibandani. Kuna pia kazi nyingine ambayo sikuitarajia. Mashine hufuma haraka lakini haioni. Uzi ukinasa, vitanzi kadhaa hutoroka kwa pamoja na kushuka hadi chini, na kijana anayeiendesha, ambaye amefundishwa kusukuma mkono wa mashine tu, hubaki na kipande cha kutupa. Mashine pia haimalizi shingo wala haiungi mabega vizuri. Mwezi wa Desemba, oda za kufungua shule zinapowaelemea, wenye vibanda huja kuwatafuta wanafunzi wangu na kuwalipa kwa kipande kuokota vitanzi, kuunga na kufuma shingo. Yule mlinzi ni mmoja wao. Huchukua vipande jioni anapokwenda lindoni, na kuvirudisha asubuhi vikiwa tayari.